Vyumba vya Pombe na Sayansi ya Kuvihifadhi

Mgeni afikaye Butiama, mkoani Mara, hupelekwa Mwitongo, mahali penye makazi na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, na pia katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999 ili kuhifadhi kumbukumbu zake. Jina Mwitongo ni la ukoo mmoja na neno la Kiswahili "tongo", yaani mahali palipokuwa na makazi zamani. Jina hilo peke yake ni somo. Nyumba ya miti, udongo na nyasi haikai muda mrefu baada ya watu kuihama, na mara nyingi kinachosalia ni jina la mahali.

Vitu vya kiongozi mkuu wa nchi vimepata kabati, kufuli na mtaalamu wa kuvitunza. Hilo ni jambo jema. Lakini je, vyumba ambamo wananchi wa kawaida waliketi jioni, wakanywa, wakasuluhisha ugomvi na kupatana juu ya mahari, navyo vinatunzwa na nani? Katika makala haya tutachunguza chumba cha namna hiyo, yaani chumba cha kunywea pombe, tukianzia Uingereza ambako vyumba hivyo hulindwa kwa sheria, kisha tukirudi Mara ambako vinatoweka bila hata kupimwa. Shabaha yetu si kumshawishi mwanafunzi anywe. Shabaha ni kuonyesha kwamba chumba ni hati, na kwamba kuisoma na kuitunza hati hiyo ni kazi ya sayansi.

Baa ya Kiingereza na kuta zake

Zamani, kabla ya viwanda vikubwa, pombe ya Waingereza ilipikwa majumbani, na wapishi wengi walikuwa wanawake. Nyumba ya mpishi ndiyo iliyokuwa kilabu: wanywaji waliketi karibu na moto wake, naye akawachotea kutoka kwenye pipa. Hakukuwa na kaunta. Badiliko moja kubwa lilikuja na bomba la mkono, ambalo mvumbuzi Joseph Bramah alilipatia hataza mwaka 1797. Kwa bomba hilo muuzaji aliweza kuvuta pombe kutoka pipani, chini ya sakafu, bila kuondoka mahali pake. Basi pipa likabaki katika chumba cha chini chenye ubaridi, na kati ya muuzaji na mnywaji kaunta ikapata nafasi yake. Kifaa kimoja kilisaidia kubadili mpango wa chumba kizima.

Katika karne ya 19 kaunta hiyo ilizungukwa na vyumba vingi vidogo vilivyotenganishwa kwa mbao na vioo, kila kimoja na mlango wake. Kibarua aliingia mlango mmoja akaketi kwenye benchi tupu. Karani aliingia mwingine akaketi kwenye kiti chenye mto, na huko bei ilikuwa ya juu kidogo. Wote walikunywa kutoka pipa lile lile bila kuonana. Anayetaka kujua jinsi matabaka ya Waingereza yalivyoishi mji mmoja bila kuchanganyika anaweza kuhesabu milango ya baa ya kale.

Mfano ulio mashuhuri uko Liverpool. Baa iitwayo Philharmonic Dining Rooms ilijengwa kati ya 1898 na 1900, na ndani yake kuna mbao za mkangazi, mabamba ya shaba, kaunta iliyonakshiwa kwa vigae vidogo vidogo, na hata vyoo vya wanaume vya marumaru. Katika vioo vyake vya rangi imo picha ya Baden-Powell, aliyepata umaarufu katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, na ambaye alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Mwaka 2020 jengo hilo lilipandishwa hadi daraja la kwanza la ulinzi wa serikali. Ni muhimu kujua kwamba katika sheria ya Uingereza jengo likiingizwa katika orodha hiyo, ulinzi hauishii kwenye kuta za nje. Kaunta, benchi, dari na sakafu vyote vimo.

Waingereza walipokuja Afrika Mashariki walikuja na desturi ya kunywa kwa kutengana. Jengo la Unguja lijulikanalo kama Africa House lilikuwa klabu ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1888. Mgawanyo uliokuwa wa tabaka kule kwao ukawa hapa mgawanyo wa rangi.

Chungu, mrija na duara

Sasa tuje Mara. Hapa nafaka za jadi za kupikia pombe ni mtama na ulezi. Mpishi huloweka nafaka, huiacha ichipue, kisha huianika na kuisaga. Nafaka iliyochipua huitwa kimea. Katika kuchipua, punje hutengeneza vimeng'enya ambavyo huuvunja wanga kuwa sukari. Hatua hii ni ya lazima, kwa maana hamira haiwezi kula wanga mzima. Ikisha kupata sukari, hamira huigeuza kuwa alkoholi na hewa ya ukaa. Mwanafunzi wa kemia anaweza kukokotoa kwamba gramu 180 za glukosi, zikichachuka zote, hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayoinua povu chunguni.

Pombe ya namna hii haichujwi kabisa. Machicha huelea ndani yake. Hivyo katika sehemu nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria watu walivumbua mrija mrefu wenye kichujio kwenye ncha. Wajaluo, wakiwamo wale wa Rorya, huuita oseke, na pahali pa wazee kukutania ni duol, kijumba cha mwenye mji. Chungu huwekwa katikati, na wanywaji huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua kwamba mrija unamruhusu mnywaji kuketi mita 1.5 kutoka katikati ya chungu. Mzingo wa duara hilo ni mara mbili ya pai mara 1.5, yaani mita 9.4 hivi. Mtu mmoja akihitaji sentimita 60 za kuketi, duara litatosha watu 15. Mrija ukipunguzwa hata umbali uwe mita 1, mzingo utakuwa mita 6.3 na nafasi zitabaki 10. Tukiacha pengo la mlango, idadi itashuka zaidi. Kwa hiyo urefu wa mrija ndio unaoweka kikomo cha baraza: ndio unaoamua wangapi watasikia neno likisemwa mara moja tu, bila kupaza sauti. Chungu nacho hupimika. Kikiwa na umbo la tufe lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 40, kinachukua lita 33 hivi.

Linganisha na Liverpool. Kule kaunta inamweka muuzaji upande mmoja na mnywaji upande mwingine, na mbao zinawagawa wanywaji. Huku hakuna kaunta wala ubao. Tofauti za umri na heshima zipo, lakini zinaonyeshwa na mahali mtu aketipo katika duara moja ambamo kila mmoja anamwona mwenziwe usoni. Sasa msomaji ataona tatizo la kuhifadhi. Ukiichukua kaunta ya Liverpool ukaiweka katika makumbusho, umechukua sehemu kubwa ya chumba. Ukikichukua chungu cha Mara peke yake, umeacha nyuma karibu kila kitu, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa ni umbali kati ya chungu na watu.

Ushahidi ulio katika uchafu

Jambo la kwanza ambalo mtu mwema hufanya akipata chungu cha bibi yake ni kukiosha. Kwa mtafiti hilo ni msiba. Chungu cha udongo kisichopakwa kauri kina vitundu vidogo mno. Kupitia vitundu hivyo maji hutoka na kugeuka mvuke, na kila gramu moja inayogeuka huchukua joto la jouli 2,400 hivi. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi. Lakini vitundu hivyo hivyo hunyonya pombe, na ndani yake hubaki chembe za wanga, mafuta na chumvi ambazo macho hayazioni.

Mifano miwili itatosha. Huko Godin Tepe, nchini Iran, watafiti walichunguza utando wa rangi ya manjano uliokuwa ndani ya mtungi wenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mwaka 1992 walitangaza kwamba waliona dalili za oksalati ya kalsiamu, chumvi ambayo hujikusanya katika vyombo vya pombe ya shayiri. Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 1897, huko Maykop kusini mwa Urusi, kaburi la kale lilifukuliwa na ndani yake kukapatikana mirija minane ya dhahabu na fedha, kila mmoja ukizidi mita moja. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walidhani kwamba hizo zilikuwa fimbo za enzi au nguzo za kushikia chandarua. Ndipo mwaka 2022 watafiti wakaeleza kwamba katika kichujio cha mrija mmoja walikuta chembe za wanga wa shayiri. Ilikuwa mirija ya kunywea pombe kutoka katika chungu kimoja.

Mkulima wa Rorya aliyekaa katika duol angaliweza kuwaambia jambo hilo tangu mwanzo, lau angaliulizwa. Na kama mtu fulani mwenye bidii angalikisugua kichujio kile kikang'aa, wanga ule usingalionekana kamwe.

Moshi, mchwa na unyevu

Adui wa chumba cha kale ni wengi, nasi tutawataja wanne.

Wa kwanza ni mchwa. Chakula chake ni selulosi, ambayo binadamu hawezi kuisaga tumboni lakini mchwa huweza, kwa msaada wa vijidudu. Wazee walikuwa na dawa yake pasipo kuiita dawa: moto wa kila siku. Moshi wa kuni una fenoli na kemikali nyingine zinazowachukiza wadudu na kuzuia kuvu. Kemikali hizo hujenga juu ya fito na nyasi tabaka jeusi linalong'aa kama lami. Huko kusini mwa Uingereza zipo nyumba ambazo tabaka la chini la ezeko lake, lililofukizwa moshi tangu zama ambazo nyumba hazikuwa na dohani, limedumu zaidi ya miaka 500. Wataalamu wa mimea wamepata ndani yake mabua ya nafaka zilizolimwa enzi hizo.

Hapa pana fumbo kwa mhifadhi. Nyumba ikigeuzwa kuwa maonyesho, jambo la kwanza ni kuzima moto, kwa kuogopa ajali. Moshi ukikoma, nyasi hupoteza kinga yake na wadudu hurudi. Nyumba iliyodumu miaka mingi ikiwa na watu huanza kuoza ikiwa na walinzi. Dawa yake ni kuwasha moto mdogo kwa ratiba, chini ya uangalizi, yaani kuhifadhi tendo pamoja na kitu.

Adui wa pili ni unyevu unaopanda na kushuka. Butiama iko juu ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, nayo hupata majira ya mvua na majira ya ukavu. Mbao hunywa unyevu wa hewa zikavimba, kisha hukauka zikanywea. Karibu badiliko lote huwa katika upana. Katika urefu ni dogo sana. Ubao wenye upana wa sentimita 30 ukinywea kwa asilimia 2 tu hupungua milimita 6, na kama umepigiliwa misumari pande zote mbili hauna budi kupasuka. Mafundi wa zamani waliacha nafasi katika maungio kwa sababu hiyo. Fundi wa leo anayejaza nafasi hizo kwa gundi akidhani anatengeneza, anaharibu.

Wa tatu ni nuru. Miali ya urujuanimno huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na ndiyo maana mlango unaopigwa na jua hugeuka kijivu. Wahifadhi hupendelea kwamba vitu vinavyodhurika upesi, kama nguo na karatasi, visipate nuru inayozidi luksi 50. Jua la mchana hufikia luksi 100,000. Kumbe giza la nyumba ya msonge, ambalo wengi wameliona kuwa ni upungufu, lilikuwa pia kinga ya vitu vilivyomo.

Adui wa nne ni binadamu mwenye nia njema. Yeye hupaka rangi, huondoa masizi, huweka bati mahali pa nyasi na ndoo ya plastiki mahali pa chungu. Hatupaswi kumlaumu kwa yote. Bati huzuia mvua, na kutokushirikiana vyombo vya kinywani kuna manufaa ya afya ambayo hakuna daktari atakayeyapinga. Hakuna anayestahili kulazimishwa kuishi katika makumbusho. Jambo tunaloweza kudai ni kwamba chumba kisiondoke kabla ya kuandikwa.

Faida ya kuandika mapema

Je, maandishi yanaweza kweli kukiokoa chumba? Tazama kisa cha Carlton Tavern, baa iliyojengwa London kati ya 1920 na 1921. Wakazi walihofu kwamba itavunjwa, wakaomba wataalamu wa urithi waichunguze. Mwezi Aprili 2015 mwenye jengo alilibomoa bila kibali. Lakini picha na maelezo yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Halmashauri ya mtaa ikaamuru lijengwe upya kama lilivyokuwa, rufani ikashindwa mwaka 2016, na mwezi Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena. Pasipo kumbukumbu ya jinsi lilivyokuwa, amri ile ingalikuwa maneno matupu, maana hakuna awezaye kurudisha kitu ambacho hakuna ajuaye kilivyokuwa.

Nchini kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kinaonyesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Hata hivyo makumbusho machache hayawezi kufika kila kitongoji cha Butiama, Bunda, Musoma na Rorya. Shule za sekondari zimekwisha kufika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wa fizikia, biolojia, historia na jiografia kazi ifuatayo, ambayo haihitaji maabara. Darasa litafute, kwa ruhusa ya wenyewe, chumba kimoja cha zamani cha baraza au cha kupikia pombe ambacho bado kimesimama, au mzee anayekikumbuka vema. Kwanza, wachore ramani yake kwa vipimo vya sentimita, wakionyesha mlango unaelekea wapi kwa dira, mahali pa moto, mahali pa chungu na mahali pa kila aketiye. Pili, wapime kipenyo na kimo cha chungu, urefu wa mrija na aina ya kichujio. Visioshwe wala kusuguliwa. Tatu, waandike majina ya vitu vyote katika lugha ya wenyeji, iwe Kizanaki, Kikurya, Kiikizu, Kijita au Kijaluo, kwa kuwa jina likipotea ni vigumu hata kuuliza swali. Nne, wamhoji mpishi, ambaye mara nyingi ni mwanamke, kuhusu siku za kuloweka, za kuchipua na za kuchachua, na ishara anazozitumia kujua kwamba sasa tayari. Yeye ndiye mwenye ujuzi wa kemia katika chumba kile, nasi tumezoea kuwahoji wanywaji tu. Tano, nakala ziwe mbili: moja shuleni, nyingine mahali pengine palipo salama, maana daftari nalo huliwa na mchwa.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni Ulaya, aliona wanafunzi wa chuo kikuu wakitumia juma zima kupima chumba kimoja cha baa, hadi alama zilizochimbwa na glasi juu ya kaunta. Wakati huo kazi ile ilionekana kama mchezo wa watu wenye nafasi. Thamani yake huonekana siku chumba kinapovunjwa. Vyumba vya Mara havikujengwa kwa marumaru, na kwa hiyo siku hiyo huja upesi zaidi. Mvua mbili au tatu juu ya paa lisilo na moshi zinatosha. Tepu ya kupimia, dira, penseli na jioni mbili za kuketi na wazee zinapatikana katika kila shule ya mkoa huu. Mzee ambaye ataweza kusema chungu kilikaa wapi, na nani aliketi karibu na mlango, hatapatikana siku zote.